Wana TEHAMA: SharePoint inasema tumetumia TB 1.9, nikijumlisha tovuti zote napata TB 1.1. Nyingine zimejificha wapi?

#1 Afisa_Ilazo

Wakuu, habari za jioni.

Nasimamia TEHAMA kwenye shirika moja hapa Dodoma. Makao makuu yapo Area D, ofisi ndogo ziko Singida, Kondoa na Mpwapwa. Tunatumia Microsoft 365, leseni kama 120 hivi, na mafaili ya ofisi yanakaa SharePoint, hifadhi yake ya mtandaoni. Kwa utaratibu wa Microsoft kila mteja anapewa TB 1 ya SharePoint halafu GB 10 juu kwa kila leseni, kwa hiyo sisi tuna TB 2 na ushee.

Mfumo umeanza kunionya kwamba nafasi inakaribia kujaa. Nikaingia kwenye ukurasa wa kusimamia SharePoint, nikachukua tovuti zote zilizoorodheshwa nikaziweka kwenye Excel, nikajumlisha safu ya nafasi iliyotumika. TB 1.1. Ukurasa huohuo pale juu kulia unasema tumetumia TB 1.9. Nimerudia kujumlisha, jibu ni lilelile.

GB 800 zimekwenda wapi?

Halafu kuna la pili. Mkurugenzi wa utawala kasikia kwamba ndani ya Teams (programu ya Microsoft ya mazungumzo na mikutano) kuna "vikundi vya siri" ambavyo hata wakuu wa idara hawavioni. Anataka orodha ya vyote, nani yumo, na wanaweka nini humo. Anaitaka Ijumaa. Wenye uzoefu nisaidieni yote mawili.

#2 Zabibu_Kavu

Natia nanga hapa. Ngoja waje wenye mji wao.

#3 Fundi_Nywila

Mkuu hayo ni matoleo, wala usihangaike. Kila faili likihifadhiwa SharePoint inabakiza toleo la nyuma, na kwa mpangilio wa kawaida inaweza kubakiza hadi 500. Kila toleo linahesabiwa kwa ukubwa wake wote. Sasa chukua ile PowerPoint ya ripoti ya wafadhili, MB 80 kwa sababu kila mtu kabandika picha za visima bila kuzipunguza, watu watano wanaihariri wiki nzima. Faili moja tu tayari lina GB kadhaa, na wewe unaona MB 80. Punguza idadi ya matoleo, utanishukuru.

#4 Kijana_wa_Makulu

Umemaliza kila kitu Fundi. Uzi ufungwe.

#5 Dada_wa_Seva

Usifungwe kwanza.

Fundi, matoleo yanakula nafasi, hilo sibishi. Ila nafasi ya matoleo inahesabiwa ndani ya tarakimu ya tovuti yenyewe. Kapu la taka la tovuti nalo limo humo humo. Hata ile maktaba iliyofichwa inayoitwa Preservation Hold Library, inayobeba nakala za vitu vilivyofutwa wakati kuna sera ya kuhifadhi, nayo inahesabiwa kwenye tovuti husika. Soma tena alichouliza Afisa: pengo lake ni kati ya jumla ya orodha na jumla ya mfumo. Faili likiwa nono ndani ya tovuti inayoonekana, lingeongeza namba zote mbili. Tunatafuta tovuti nzima ambayo haina mstari wake kwenye ile orodha.

Na mshukiwa wa kwanza ni chaneli binafsi za Teams, yaani vyumba ndani ya timu wanavyoingia wanachama walioongezwa tu. Tangu zilipoletwa mwishoni mwa 2019, kila mtu akitengeneza chaneli binafsi ndani ya timu, SharePoint inaizalia tovuti yake ya pembeni, yenye ruhusa zake. Faili za chaneli hiyo zinakaa huko, hazikai kwenye tovuti ya timu. Chaneli za pamoja zilizokuja 2022 zinafanya vilevile. Tovuti hizi hazipewi mstari wao kwenye orodha kuu. Unazifikia kwa kubofya idadi ya chaneli kwenye mstari wa timu mama, na wengi wetu hatubofyi.

#6 Fundi_Nywila

Haya dada nimekusoma. Ila matoleo apunguze tu, hata kama siyo yaliyoleta pengo.

#7 Mtumba_Express

Swali dogo nje ya mada: shirika la umma hapa Dodoma lina barua pepe za serikali na Ofisi Mtandao, nyie mmeanzaje kukaa Microsoft? eGA (Mamlaka ya Serikali Mtandao) wanajua?

#8 Afisa_Ilazo

@Mtumba_Express sisi si taasisi ya umma mkuu, ni shirika lisilo la kiserikali. Ofisi Mtandao haituhusu.

@Dada_wa_Seva asante sana. Nimebofya mstari wa timu ya Miradi. Chaneli 14! Mimi najua mbili. Kuna njia ya kuziona zote kwa mpigo? Timu ziko zaidi ya 90, kubofya moja moja nitakesha.

#9 Dada_wa_Seva

PowerShell, ile ya kuendesha mfumo kwa kuandika amri. Unganisha kwanza kwa Connect-SPOService, kisha:

Get-SPOSite -Limit All -Template "TEAMCHANNEL#1" | Select Url, Owner, StorageUsageCurrent

Ile safu ya mwisho inakuja kwa MB, usije ukamwambia mkurugenzi ni GB akazimia.

#10 Kijana_wa_Makulu

Mimi niliwahi kuendesha Get-SPOSite ofisini kwetu nikapata tovuti 200 kamili, nikamwandikia bosi tuna tovuti 200. Hiyo -Limit All ya nini?

#11 Dada_wa_Seva

Kijana, 200 kamili haikukushtua? Ndiyo kikomo cha amri hiyo usipoiambia vinginevyo. Inakupa 200 za kwanza inanyamaza, na inatoa onyo la rangi ya njano ambalo hakuna anayelisoma.

#12 Zabibu_Kavu

😂😂 Mia mbili kamili kama sensa ya mtaa. Bosi wako bado ana ile barua?

#13 Kijana_wa_Makulu

Nimeshahama ofisi mimi. Tuendelee na mada.

#14 Mzee_wa_Bahi

Mbukwenyi wote.

Mimi nilisikia siri yote ipo kwenye kitabu cha anwani. Kikundi kikifichwa kwenye Outlook kinapotea kabisa, ndiyo maana adimini (msimamizi wa mfumo) hakioni. Kijana wangu anafanya kazi hizo ndiye aliyenieleza.

#15 Dada_wa_Seva

Mbukwa baba. Kijana wako amekupa nusu. Kikundi kilichofichwa kwenye kitabu cha anwani hakionekani kwa mtu anayeandika barua pepe, lakini kwa adimini kipo palepale na tovuti yake ipo kwenye orodha. Kuna wengine wanazima tovuti isitokee kwenye utafutaji, wakidhani wameifunga. Mwenye ruhusa au mwenye kiungo anaingia kama kawaida. Ofisi nyingi watu wanachanganya vitu vitatu hivi: kutoonekana kwenye utafutaji, kutoonekana kwenye kitabu cha anwani, na kutokuwa na ruhusa. Cha tatu ndicho kinacholinda faili.

#16 Masjala_Mstaafu

Nimekaa masjala miaka mingi kabla ya kustaafu, niruhusuni wazee tuseme kidogo.

Haya mnayoyahangaikia tulikuwa nayo kwenye karatasi. Wizarani kuna masjala ya wazi na masjala ya siri. Masjala ya siri ina mtunza kumbukumbu wake aliyepitia upekuzi, ina kabati lake la chuma, ina rejesta yake. Jalada likitoka linaandikwa limekwenda kwa nani na folio ya mwisho ni ya ngapi. Mimi nikiwa masjala ya wazi nilijua kwamba jalada la siri la mtumishi fulani lipo, maana barua zilizofungwa zikija nilizipeleka mlangoni kwao. Sikulifungua hata siku moja. Na Katibu Mkuu akitaka kujua kuna majalada mangapi ya siri, analetewa rejesta, haletewi majalada.

Sasa nyie kila karani, kila dereva, anaweza kufungua masjala yake ya siri kwa kubofya mara tatu, bila rejesta. Halafu mwaka unaisha mnaulizana GB 800 ziko wapi. Kijana Afisa, tengeneza rejesta kwanza. Habari ya kujua kilichomo ndani ni kazi nyingine na ina mwenyewe.

#17 Afisa_Ilazo

Shikamoo mzee. Hii nimeichapa nimebandika ukutani.

#18 Masjala_Mstaafu

Marahaba. Bandika kwenye jalada, ukutani panachakaa.

#19 Binti_Kondoa

Dah, uzi umenikumbusha ofisi niliyotoka. Tulipotafuta kama hivi, tovuti iliyofichwa iliyoongoza kwa ukubwa haikuwa ya uchunguzi wala ya zabuni. Ilikuwa kamati ya harusi ya mwenzetu mmoja wa idara ya fedha. Walifungua chaneli binafsi ndani ya timu ya Fedha ili bosi asiione. Kadi za mchango, orodha ya waliotoa ahadi na waliokamilisha, mwaliko wa sendoff, halafu harusi ikapita, mpiga picha akawapa video zote ghafi wakazimwaga humo. Kamera mbili, kanisani hadi ukumbini, kila kipande GB kumi na kitu. Harusi ilishapata mtoto anasoma chekechea, video bado zinakula nafasi ya shirika.

#20 Zabibu_Kavu

Orodha ya waliotoa ahadi na hawakukamilisha mnayo? 😂 Hiyo ndiyo inatakiwa ipelekwe kwa mkurugenzi Ijumaa.

#21 Fundi_Nywila

Zabibu wewe unaogopa jina lako kuonekana tu.

#22 Mtumba_Express

Mimi nasoma huu uzi niko SGR natokea Dar, mtandao unakata kila tukiingia kwenye mahandaki ya Kilosa. Kuna mtu kasema harusi?

#23 Wakili_wa_Chamwino

Tumecheka, sasa turudi kwenye ombi la mkurugenzi, kwa sababu hapo ndipo Afisa anaweza kuumia.

Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa binafsi zikusanywe na zitumike kwa kusudi lililo wazi na halali. Chaneli ya rasilimali watu inaweza kuwa na vyeti vya hospitali, barua za nidhamu, malalamiko ya unyanyasaji. "Nataka kuona wanaweka nini" siyo kusudi. Kuna pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4 kinahusu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa. Utasema wewe ni adimini, una ruhusa. Ruhusa ya kuendesha mfumo na ruhusa ya kusoma faili la kesi ya mwenzako ni vitu viwili, na mahakamani wewe ndiye utakayetakiwa kueleza.

Ushauri: ombi lije kwa maandishi, liseme sababu na mipaka. Ukipewa kwa mdomo, jibu kwa barua pepe: "Kama tulivyozungumza, umeagiza nifanye hivi na hivi."

#24 Fundi_Nywila

Wakili unatia watu uwoga. Vifaa ni vya shirika, akaunti ni za shirika, leseni analipia shirika. Bosi akitaka kuona, aone. Mimi nikiulizwa natoa.

#25 Wakili_wa_Chamwino

Gari la shirika nalo ni la shirika, lakini mkurugenzi hapekui begi la abiria aliyemo.

#26 Dada_wa_Seva

Kiufundi niongeze, maana watu wengi wanadhani adimini anaona kila kitu. Haoni. Hata adimini mkuu hafungui faili za chaneli binafsi hivi hivi. Mwenye timu naye anaona jina la chaneli na anaweza hata kuifuta, ila bila kuwa mwanachama hasomi kitu. Adimini anaweza kujiongeza mwenyewe kuwa msimamizi wa tovuti hiyo, na hapo ataona. Lakini kitendo hicho kinaandikwa kwenye kumbukumbu za ukaguzi, jina lako, saa na tovuti, na kwa leseni za kawaida kinakaa siku 180. Fundi ukisema "natoa", jua unaacha nyayo.

Jambo jingine, mazungumzo ya chaneli hayapo kwenye tovuti. Kule kuna faili tu. Anayetaka mazungumzo kwa ajili ya uchunguzi halali, kuna zana za eDiscovery, za kutafuta ushahidi ndani ya mfumo, na zina taratibu zake.

#27 Afisa_Ilazo

Wakuu nimerudi na majibu.

Nimeendesha amri ya Dada. Tovuti za chaneli zimetoka 173. Jumla GB 520. Kwa hiyo pengo limeshuka kutoka 800 hadi 280.

Sasa nimeziangalia majina, nikatamani nisingeziangalia. Anwani ya tovuti inaundwa na jina la timu, kistari, jina la chaneli. Nyingi ni za kawaida: Miradi-Bajeti2023, Singida-Ukarabati, Mapokezi-ZamuLikizo. Kuna Mipango-KwayaMazoezi, ina GB 44, msiniulize. Ila zipo ambazo jina lenyewe tu ni habari. Sitaziandika hapa, lakini fikiria chaneli inaitwa Uchunguzi, kistari, halafu cheo cha mtu na mkoa. Nikimpelekea mkurugenzi orodha hii kama ilivyo, nimeshatoa siri bila kufungua faili hata moja. Na cheo kimojawapo kiko ndani ya kurugenzi yake.

#28 Zabibu_Kavu

Aisee 😳

#29 Binti_Kondoa

Sasa unaelewa kwa nini anaitaka Ijumaa.

#30 Mzee_wa_Bahi

Mwanangu, hapo nyamaza kimya. Waambie mfumo umegoma.

#31 Masjala_Mstaafu

Mzee mwenzangu wa Bahi, mfumo haugomi vizuri hivyo, watamleta fundi wa nje naye atatoa kila kitu. Kwetu rejesta ya masjala ya siri haikuwa mali ya kila mkubwa. Ilikuwa na mtu wa kuiona. Hapo kwao lazima yupo: mkurugenzi mtendaji, au mwenyekiti wa bodi, au mkaguzi wa ndani. Orodha yenye majina iende huko. Utawala wapewe idadi, ukubwa na idara.

#32 Fundi_Nywila

Lakini mzee, huyo mkurugenzi akisema yeye ndiye msimamizi wa TEHAMA kwenye muundo? Afisa anaripoti kwake. Unamkataliaje bosi wako?

#33 Wakili_wa_Chamwino

Hamkatalii. Anamwomba maandishi. Wengi wakiombwa maandishi haraka inapungua.

#34 Kijana_wa_Makulu

Tukirudi kwenye GB. Kwa nini asiifute tu ile ya kwaya kutoka SharePoint? Mimi nilifanya hivyo mahali. Nilifuta tovuti ya chaneli asubuhi, mchana nikaenda kula pale Sabasaba, nimerudi tovuti ipo. Nikafuta tena, ikarudi tena. Nikadhani kuna mtu ananichezea.

#35 Dada_wa_Seva

Hakuna mtu. Chaneli ikiwa bado hai kwenye Teams na wewe ukafuta tovuti yake kwa upande wa SharePoint, kuna kazi inayozunguka nyuma ya pazia inairudisha ndani ya saa nne. Ukitaka iondoke, futa chaneli kwenye Teams, tovuti itaifuata. Na kwa siku 30 mwenye timu anaweza kuirudisha chaneli.

Afisa, usifute ya mtu kabla hujaongea na mwenye chaneli. Hata ya kwaya.

#36 Binti_Kondoa

Na ukimtafuta mwenye chaneli jiandae. Kwetu kuna chaneli mwenye nayo aliacha kazi. Mfumo ukampandisha mwanachama mmoja awe mwenye chaneli, wenyewe bila kumuuliza mtu. Aliyepandishwa alikuwa mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, akaunti yake ilisahaulika kufungwa. Chaneli ya bajeti ya mwaka, mmiliki ni kijana ambaye ameshamaliza chuo yuko kwao analima alizeti.

#37 Afisa_Ilazo

Hii siyo utani, imebidi nikaangalie. Kwetu ziko kadhaa za namna hiyo. Mmoja wa wenye chaneli ni dereva wetu wa Mpwapwa. Nimempigia, anasema alikuwa anatumiwa ratiba za safari humo, hajui hata maana ya kuwa mmiliki. Amefurahi amepandishwa cheo.

#38 Zabibu_Kavu

Mkurugenzi wa chaneli, kituo cha kazi Mpwapwa. Mshahara je?

#39 Dada_wa_Seva

Afisa, rudi kwenye hesabu. Umetafuta TEAMCHANNEL#1 tu?

#40 Afisa_Ilazo

Ndiyo, kama ulivyoandika.

#41 Dada_wa_Seva

Basi rudia kwa TEAMCHANNEL#0. Chaneli binafsi zilizotengenezwa kabla ya tarehe 28 Juni 2021 zina kiolezo cha zamani. Ofisi nyingi zilianza Teams kipindi cha korona 2020, kwa hiyo mizigo mingi ya kale iko huko. Nilitaka kuona #1 itatoa nini kwanza.

#42 Fundi_Nywila

"Nilitaka kuona kwanza" 😂 Dada angekuwa mwalimu wa hesabu tungefeli wote.

#43 Afisa_Ilazo

Zimetoka 38, GB 130. Pengo sasa ni GB 150.

Kati ya hizo 38 nyingi hazijaguswa tangu 2021. Kuna moja jina lake ni la rekodi za mikutano, mikutano ile ya kila asubuhi wakati tunafanyia kazi nyumbani. Nimeona jina na ukubwa kwenye orodha tu, sijafungua.

#44 Kijana_wa_Makulu

150 zilizobaki ni OneDrive za watumishi, hifadhi ya kila mtu binafsi. Lazima. OneDrive nazo ni tovuti za SharePoint na hazitokei kwenye orodha hadi uziite makusudi.

#45 Dada_wa_Seva

Ni tovuti za SharePoint, na hazitokei, hapo uko sahihi. Ila OneDrive ina mgawo wake kwa kila mtumiaji, haichoti kwenye lile fungu la TB 2. Haiwezi kuwa yenyewe.

#46 Fundi_Nywila

Kuchelewa kwa taarifa. Zile namba hazisomwi papo kwa papo, kuna ripoti zinakaa hadi siku mbili ndiyo zinalingana. Kama wiki hii amefuta vitu, upande mmoja umeshajua na mwingine bado. Asubiri.

#47 Binti_Kondoa

Mimi nasema tovuti zilizofutwa. Tovuti ikifutwa inakaa siku 93 kabla haijapotea kabisa. Nani kawahakikishia kwamba kwa siku hizo haihesabiwi mahali?

#48 Kijana_wa_Makulu

Kwetu tulifuta tovuti kubwa nafasi ikarudi kesho yake. Sidhani.

#49 Binti_Kondoa

Kwenu ndiko walikohesabu tovuti 200 kamili.

#50 Dada_wa_Seva

😂 Binti mwache.

Mimi namtilia shaka Loop, programu ya Microsoft ya kuandika kurasa kwa pamoja. Maeneo ya kazi ya Loop hayakai kwenye tovuti za kawaida, yanakaa kwenye makontena ya SharePoint Embedded. Hayatokei kwenye orodha ya tovuti, hayatokei kwa ile amri, ila nafasi yake inakatwa kwenye fungu lilelile. Kwenye ukurasa wa kusimamia SharePoint kuna sehemu ya Makontena. Usipoiona, hujajipa jukumu la kusimamia SharePoint Embedded. Wewe ni adimini mkuu, jipe, toka, ingia upya.

#51 Fundi_Nywila

Loop ni kurasa za maandishi dada. GB 150 za maandishi? Hao watu wanaandika nini, Biblia kila siku?

#52 Mtumba_Express

Nimefika Dodoma. Bado tunatafuta GB?

#53 Afisa_Ilazo

Bado mkuu, karibu.

Mrejesho wa Ijumaa kwanza. Nilimwandikia mkurugenzi kama Wakili alivyosema, nikaomba sababu na mipaka kwa maandishi. Hajajibu hadi sasa. Jioni alipita ofisini kwangu akaniuliza habari za printa. Orodha yenye majina nimemkabidhi mkurugenzi mtendaji mkononi, na nimempa utawala karatasi moja yenye idadi kwa idara na ukubwa. Kwaya wameomba wiki mbili wahamishe mafaili yao.

#54 Wakili_wa_Chamwino

Umekabidhi mkononi bila kusainiwa?

#55 Afisa_Ilazo

Kasaini kwenye dispachi.

#56 Masjala_Mstaafu

Safi.

#57 Wakili_wa_Chamwino

Usishangilie sana. Kutojibu kwake hakumaanishi ameacha. Na hiyo karatasi ya idadi kwa idara, kama kuna idara yenye watu watatu na chaneli moja ya siri, umeshamtajia.

#58 Afisa_Ilazo

Hapo sikupafikiria wakili. Ipo moja ya hivyo, ila nilikuwa nimeiunganisha na idara nyingine kwa sababu safu ya Excel ilikuwa haitoshi kwenye ukurasa.

#59 Zabibu_Kavu

Mungu wa mafundi yupo.

#60 Afisa_Ilazo

@Dada_wa_Seva nimejipa lile jukumu, sehemu ya Makontena imefunguka. Yapo 61. Mengi ni ya Loop. Jumla GB 9.

#61 Fundi_Nywila

Nilisema! Kwa hiyo 150 bado zipo palepale. Asubiri taarifa zilingane.

#62 Dada_wa_Seva

141, Fundi. Na amesubiri siku nne.